Gauni Lisilo na Makelele

Wako watu wanaodhani kugeuza picha ya rangi iwe nyeusi na nyeupe ni kazi ya kubofya mara moja, kisha mtu anakwenda zake kunywa chai. Waacheni wadhani hivyo hivyo. Ndio hao wanaotundika ukutani sura za wazazi wao zimepauka kama jivu la juzi, halafu wanailaumu printa.

Kitinda hakuwa mmoja wao. Jina hilo alilipata kwa kuwa ndiye kitinda mimba, wa mwisho kuzaliwa, na lilimganda hata alipofikia umri wa kuwa na watoto wa kumwita mama. Studio yake ya picha ilikuwa katika chumba cha mbele cha nyumba ya wazazi wake, palepale ambapo baba yake alikuwa na yake zamani. Alijua jambo ambalo kompyuta haimwambii mtu mpaka aiulize: ukiziondoa rangi kwenye picha, vitu viwili vinavyogombana kwa rangi vinaweza kuwa kitu kimoja. Chukua nyanya iliyoiva ikiwa bado kwenye mche wake. Mwenye pupa akiondoa rangi, nyanya na majani vyote vinakuwa kijivu kilekile, na nyanya inapotea machoni ingawa ipo palepale ilipokuwa.

Ijumaa hiyo asubuhi alikuwa anashughulikia picha ya mama yake. Mama alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na Jumapili watoto wote wangekusanyika nyumbani kumkumbuka na kuitundika picha yake sebuleni. Ukuta wa sebule ile ulikuwa na wenyewe. Babu na bibi wa pande zote mbili walikuwa pale, shangazi mmoja mwenye macho makali, na mjomba aliyekufa kijana, wote weusi na weupe, wote picha zao zimepigwa na kusafishwa kwa mikono ya baba. Na sharti la baba lilikuwa moja, tena la miaka mingi: ukuta ule hauingii rangi.

“Kitinda, nakuomba,” kaka yao mkubwa alikuwa amempigia simu tangu alfajiri. “Picha iwe tayari. Na umbembeleze mzee asituletee ubishi mbele za watu.”

“Mzee wa nani huyo asiyekuwa na ubishi? Wa kwako au wa kwangu?”

“We mtoto, fanya kazi,” kaka alisema, akakata simu huku anacheka.

Watoto walikuwa wamekubaliana kuhusu picha yenyewe. Kitinda aliipiga kwa kamera yake ya dijitali, mama amekaa kwenye kiti cha mbao karibu na mlango wa uani, kichwa kimelala upande, anacheka mpaka jino la pembeni linaonekana. Amevaa gauni lake la kijani. Nyumba nzima ililiita hivyo tu, “la kijani”, ingawa lilikuwa limejaa maua mekundu makubwa kama visahani vya kikombe. Mama alilishona mwenyewe Kitinda akiwa bado shule ya msingi. Alilivaa kila siku ya maana, akalipanua mara kadhaa jinsi mwili ulivyokuwa ukiongezeka, na gauni likafikia umri wa kuolewa bila kupauka.

Kitinda akaziondoa rangi kwanza kwa njia ya haraka, aone picha inasemaje. Maua yakafutika yote. Mama alibaki amevaa gauni la kijivu lisilo na kitu, kama sare ya mfungwa. Akachapa nakala moja hivyo hivyo kuipima karatasi, akaitupa pembeni mwa meza, kisha akaanza kazi ya kweli. Kwenye programu yake kila rangi ina kidude cha kuvuta, cha kuamua rangi hiyo itakuwa nyeupe kiasi gani au nyeusi kiasi gani. Akavuta nyekundu juu polepole, akaishusha kijani, na maua yakaanza kujitokeza moja moja, meupe juu ya giza la kitambaa.

Tatizo ni kwamba ngozi ya mtu wa rangi ya maji ya kunde nayo ina wekundu ndani yake, kwa hiyo uso wa mama ulianza kung’aa pamoja na maua. Kitinda akasimamisha mkono. Mama hakujichubua akiwa hai, hatajichubua akiwa ukutani. Akautenga uso na mikono, akavirudishia weusi wake, na kazi hiyo peke yake ilikula sehemu kubwa ya asubuhi. Akachapa nakala ya pili, akaitazama inavyotoka kwenye printa. Alikuwa mama kabisa, pamoja na kelele zake zote.

Printa ilikuwa kwenye kijichumba cha nyuma, ambacho zamani kilikuwa chumba cha giza cha baba. Siku za mvua mbao za mle bado zilitoa harufu ya dawa za kusafishia picha, harufu kali ya kama siki, na Kitinda akiisikia alikuwa mtoto tena, amejikunyata chini ya meza, taa nyekundu inawaka, baba anatikisa trei taratibu na uso wa mtu unachomoza kwenye karatasi majini. Baba alikuwa na mkono wa ajabu. Alikuwa akipitisha kiganja chini ya mwanga wa mashine ya kukuzia picha ili shavu la bibi harusi lisiungue likawa jeusi, na kiganja kile hakikuacha alama. “Mwanga kila mtu anao,” alikuwa akisema. “Watu wananunua kivuli.” Ndiyo maana mji mzima ulimwita Mzee Kivuli hata kabla hajawa mzee.

Halafu rangi ikaja. Studio ya ng’ambo ya barabara ikaleta filamu za rangi, na watu wakahamia huko kama nzi wameona embe. Baba akagoma. Alikwenda mafunzo ya kusafisha picha za rangi, akarudi kabla hayajakwisha, akatangaza kwamba rangi ni kelele za sokoni na yeye hauzi kelele. Wenzake wakamshauri, ndugu wakamsihi, lakini sikio la kufa halisikii dawa. Mama ndiye aliyevuta cherehani karibu na dirisha na kuanza kuwashonea watu. Kitinda alikuwa akibeba sare za wanafunzi wenzake kichwani kuwapelekea majumbani kwao, na wengine walizipokea kwa kumcheka. Watoto wakinung’unika, mama alikuwa na jibu moja: “Mwacheni baba yenu.” Wakamwacha. Lakini Kitinda hakuwahi kumsamehe. Siku moja, ameshakuwa mtu mzima, alimwambia waziwazi, “Ulituzamisha kwa kiburi chako, baba,” na baba akanyanyuka akatoka nje.

Sasa, Ijumaa hiyo, baba huyohuyo alikuwa anaingia studio, amekunywa chai yake, anajifuta midomo. Akakaa kwenye kigoda cha wateja. Akaona nakala iliyotupwa pembeni ya meza, akaiokota, akaisogeza mbali na macho jinsi wazee wanavyosoma.

“Ahaa,” alisema. Akakaa nayo muda mrefu. “Hii ndiyo. Huyu ndiye yeye. Kazi nzuri, mwanangu.”

“Hiyo ya majaribio, baba. Ya kutupa. Yenyewe ni hii.”

Baba akaipokea ya pili. Akaitazama, na uso wake ukabadilika.

“Haya maua umeyatoa wapi?”

“Nimeyatoa wapi tena? Si ya gauni?”

“Gauni gani?”

“La kijani, baba. Kwani hulijui?”

“Nalijua kuliko wewe. Nililiona linashonwa. Halikuwa na maua.” Aliiweka picha mezani kifudifudi. “Kitinda, umeanza tabia mbaya. Mimi kwenye kazi hii niliombwa kila kitu. Niliombwa kumchorea mtu mkufu, kumwongezea mtu nywele, na wengine niliwachorea kwa sababu walikuwa hai na walitaka wenyewe. Aliyekufa humchorei kitu. Hawezi kukukatalia.”

“Sijachora chochote.”

“Basi kompyuta yako imechora. Hiyo haitundikwi nyumbani kwangu. Afadhali ukuta ukae mtupu.”

Kitinda alisikia damu inampanda. Jumapili ni kesho kutwa, ndugu wako njiani, na mzee ameanza. Mzee yuleyule, kichwa kilekile. Alifuta rangi zote maishani mwao, na sasa anataka kumtundika mama akiwa na sare ya mfungwa. Yote aliyoyameza tangu zamani yalimjia kwa mara moja.

“Mwenye macho haambiwi tazama, baba,” alisema, akaigeuza kompyuta kwa nguvu mpaka nyaya zikavutana. Akafungua picha ya asili, ya rangi, ikajaa kioo kizima. “Haya. Hii sijaigusa. Haya ni nini?”

Baba akasogea. Akavaa miwani, akaivua, akaifuta kwa pindo la shati, akaivaa tena.

“Naona gauni.”

“Na maua?”

“Usinifanye mtoto.”

“Baba, haya hapa!” Kitinda aliweka kidole kwenye ua lililokuwa begani mwa mama. “Hili jekundu. Huku pembeni kijani. Hapa jekundu, hapa kijani.”

Baba hakuwa anaangalia ua. Alikuwa anaangalia kidole cha binti yake, kinakwenda na kurudi juu ya kitambaa, na macho yake yalikuwa na woga. Kitinda hakuwahi kumwona baba yake ameogopa, si siku walipoingiliwa na wezi wala siku ya msiba. Akashusha mkono. Hasira ilimtoka yote, akabaki amesimama tu.

“Baba,” alisema kwa sauti ya chini, “huyaoni?”

Mzee alivua miwani, akaikunja. Kisha akasema, “Funga mlango.”

Kitinda akafunga mlango wa barabarani na kugeuza kibao cha studio. Aliporudi, baba alikuwa amekumbatia magoti.

“Yale mafunzo,” alianza. “Siku ya tatu kila mtu alipewa picha ya bibi harusi aisafishe mwenyewe na kurekebisha rangi. Nikaifanya kwa moyo wote. Nikaona yangu ndiyo nzuri kuliko zote. Nilipoiweka mezani, darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu alidhani nafanya mzaha. Uso wa bibi harusi, wanasema, ulikuwa wa kijani kama papai bichi.” Akatikisa kichwa. “Mimi niliona uso tu. Mzuri, wa kawaida. Usiku huohuo nikapanga nguo zangu kwenye begi.”

“Na sisi ukatuambia rangi ni kelele.”

“Ningesemaje? Fundi wa picha asiyejua nyekundu ni ipi! Wewe ungempa kipofu wembe akunyoe?”

“Ungetuambia sisi. Sisi si wateja.”

“Ninyi mlikuwa watoto. Siri ya baba mkononi mwa mtoto haifiki jioni.” Aligeuka akatazama kijichumba cha nyuma. “Unajua nilichokipenda mle? Nikiwasha ile taa, nguo zote zinakuwa moja. Aingie waziri, aingie mchoma mkaa, hakuna wa kuniambia hii ni hivi na hii ni vile. Mle ndani kila mtu alikuwa kama mimi.”

Kitinda akavuta kiti akakaa karibu naye. Alimwonea huruma, na alijionea aibu kwa lile neno la kuzamishwa ambalo haliwezi kurudishwa mdomoni. Lakini hata katika huruma ile aliviona vidole vya mama vimetobolewa na sindano, na hasira kidogo ilibaki. Haikujua tena imwangukie nani.

“Na mama je?”

“Mama yako hakujua,” baba alisema haraka, tena kwa fahari. “Miaka yote ile. Nilijichunga kwelikweli.”

Akanyoosha mkono akaichukua tena ile picha aliyoilaza kifudifudi. Akaigeuza. Safari hii aliitazama kwa namna nyingine, ameinama, na kidole chake kikapita polepole kwenye ukingo wa ua moja, kikaenda kwenye lingine.

“Kwa hiyo ndivyo yalivyokuwa,” alisema. “Makubwa hivi.”

“Makubwa hivyo.”

“Na mpaka chini?”

“Mpaka kwenye pindo. Na mikononi. Baba, lile gauni mtu aliliona akiwa mwisho wa mtaa. Majirani walikuwa wakisema mama akipotea sokoni hatumtafuti, tunasimama tu, gauni linajionyesha.”

Baba akashika kipaji cha uso. “Toba,” alisema.

“Nini?”

“Siku aliyomaliza kulishona. Alikuja hapahapa, nikiwa nimekaa hapa. Akajizungusha. Akaniuliza, ‘Haya, mpiga picha, unalionaje?’ Nikajua hapa lazima niseme kitu cha mtu anayejua kuangalia. Nikamwambia, ‘Zuri sana. Limetulia. Halina makelele.’”

Kitinda aliziba mdomo kwa mikono miwili, lakini hakufaulu. Kicheko kilimponyoka. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, na baba yake, baada ya kumkazia macho kidogo, naye akaanza kutikisika mabega.

“Mama akafanyaje?”

“Alicheka! Alicheka hivyo hivyo kama wewe, mpaka akakaa chini sakafuni na gauni lake jipya. Nami nikajisifu moyoni, nikasema leo nimempatia.”

“Halafu?”

“Halafu nini? Hakusema kitu. Akanishika shavu, akaenda kupika. Kesho yake asubuhi nilipoamka nikakuta…”

Akaishia hapo.

Kitinda alijua kilichokuwa kimekutwa. Watoto wote walikua wakikiona: kila asubuhi, mama anaingia kabatini, anatoa shati na suruali ya baba, anavilaza juu ya kitanda. Dada zake walikuwa wakisema mama anamdekeza mzee kama bwana harusi. Hakuacha hata mwaka ule wa kuugua. Alipokuwa hawezi kusimama, alikuwa akionyesha kwa kidole kutoka kitandani.

“Aliniambia fundi wa picha lazima apendeze,” baba alisema. “Nikadhani ni mapenzi tu. Nikadhani ameniona nimelisifia gauni lake, basi na yeye ananilipa.”

“Alijua, baba.”

“Alijua,” baba alisema. “Tangu siku ile.”

Wako wanawake wanaofunika kombe ili mwanaharamu apite. Huyu alilifunika maisha yake yote, akawafunikia hata watoto wake, na aliyekuwa chini ya kombe hilo alidhani ndiye anayelishikilia. Kitinda alikumbuka ile “mwacheni baba yenu” ya kila siku, sauti ya cherehani haisimami, na kwa mara ya kwanza aliisikia ilivyosemwa. Alilia bila kujificha. Baba yake naye alilia, machozi yakimdondokea shingoni bila kuyafuta. Alikuwa ameiweka picha mbali ili isilowe.

Walipotulia, mzee aliichukua ile nakala ya kijivu tupu, akaikunja mara mbili, akampa Kitinda aitupe.

“Hii ya maua ndiyo utakayoitundika,” alisema. “Mtu akiuliza gauni lilikuwa rangi gani, wewe umjibu.”

Akasimama, akanyoosha mgongo. Kitinda akamtazama vizuri, mchana kweupe, jambo ambalo tangu mazishi alikuwa akilikwepa. Shati lilikuwa la rangi ya matofali. Suruali ilikuwa ya kijani ya kung’aa, ya zamani, ambayo mama alishaihamishia kwenye nguo za kutoa. Mtaani watu walikuwa wakisema majonzi yamemchanganya mzee. Kaka mkubwa alikuwa akisema ni uzee. Kitinda mwenyewe aliona, akanyamaza, akasema moyoni kwamba ni ukaidi wake uleule.

Baba alifika mlangoni pa kuingilia ndani, akashika fremu ya mlango. Hakugeuka.

“Jumapili watu watakuwa wengi,” alisema.

“Watakuwa wengi, baba.”

Alikaa hapo kidogo, anakwaruza rangi iliyobanduka kwenye mbao kwa ukucha.

“Nivae shati gani?”

Kitinda aliiacha kompyuta ikiwaka. Akapita mbele yake, akaenda mpaka chumbani kwa wazazi wake, akafungua kabati. Baba yake alisimama nyuma yake, mikono imemning’inia, akisubiri kuambiwa.